Mpira Usikauke

Rubona, Gisenyi. Alhamisi, 1 Machi 1956

Saidati mke wangu, daftari lako nimelifungua leo. Ulisema umechoshwa na barua zangu za mistari mitatu: mimi mzima, kazi nyingi, wasalimie wote. Ukanipa hili, ukaniamuru niandike kila siku nilichofanya, nawe utalisoma siku utakayokuja. Haya, soma. Leo nimekaa na pampu.

Ukitaka zaidi, ni hivi. Hapa ufukweni wanajenga ghala la kahawa, na msingi wake uko chini kuliko maji ya ziwa. Wamechimba shimo la kumeza nyumba kumi, na shimo linavuja. Maji yanapenya kutoka ziwani, mvua inashuka kutoka juu, udongo unaporomoka pembeni. Pampu yao ya kwanza, ile ya feni, ilikuwa inataka maji safi tu kama bibi harusi. Ikionja tope inasongwa. Ndiyo maana wakaniita mimi kutoka Bukavu. Musieu Delvigne, mkubwa wa kazi, ametamka mbele ya watu: shimo likikaa kavu mpaka zege limwagwe, kabla ya Juni, nyumba ya matofali namba nne ni ya fundi Faradji. Vyumba viwili, jiko nyuma, bati juu. Hapo hutanung'unika habari za panya.

Kwa sasa nalala kwenye kibanda cha pampu, juu ya mbao za kujengea.

Ijumaa, 2 Machi

Sikwenda msikitini. Msikiti uko mjini, saa moja na nusu kwa miguu, na pampu haiachwi.

Jumatatu, 5 Machi

Mvua. Pampu.

Jumanne, 6 Machi

Mvua. Pampu. Nimesema neno "asante" mara moja, kwa mama aliyeniuzia samaki. Hilo ndilo neno langu la leo zima.

Alhamisi, 8 Machi

Leo nijisifu kidogo, maana hapa hakuna wa kunisifu. Kabla ya kununua hii pampu, Musieu alinitumia karatasi mbili Bukavu. Moja ya pampu ndogo inayozunguka mbio, bei nafuu. Nyingine kubwa, inazunguka polepole, bei ya kuumiza. Zote mbili zinatoa maji kiasi kilekile kwa saa. Kila mtu ofisini alitaka ndogo. Mimi nikauliza swali moja: mnataka pampu inywe nini? Wakasema maji. Nikasema hapana, niambieni vizuri. Wakaleta chupa ya maji ya shimo. Nikaimimina kwenye sahani, nikaiacha ikauke, nikapitisha kidole. Mchanga mweusi wa volkano, unakwaruza kama tupa. Nikasema: mchanga huu ukizungushwa mbio utautafuna mpira wa ndani kwa wiki tatu. Chukueni kubwa, iende taratibu. Halafu nikauliza shimo lina kina gani na bomba linapanda mpaka wapi, kwa sababu mpira mfupi hausukumi juu, unarudisha maji nyuma. Wakachukua kubwa, yenye mpira mrefu. Mpaka leo haijasongwa hata mara moja.

Mtu huchagua pampu kwa kuangalia kitakachopita ndani yake, siyo kwa kuangalia pampu. Andika hilo kichwani, Saidati, umeolewa na fundi.

Jumamosi, 10 Machi

Nimepata mtu. Ni mzee Sebagabo, mlinzi wa mchana wa mbao na saruji. Kwake ni juu hapo kilimani, Nyamyumba, na alichungia watu ng'ombe maisha yake yote mpaka miguu ikachoka. Siku tisa amekuwa akiniangalia kutoka kwenye lundo la mbao bila kusema kitu. Leo asubuhi amekuja na kikombe cha enameli cheupe, chenye maua, kimejaa maziwa. Akasimama mlangoni.

"Fundi, unakunywa?"

Nikasema nakunywa. Akanitazama mpaka nikamaliza, akakipokea kikombe, akakifuta kwa shuka lake.

"Hiki kikombe ni cha mugeni," akasema. "Watu ya nyumbani tunakunywa kwa kibuyu. Utaona."

Sikujua nitaona nini. Lakini nilikuwa nimeshasahau ladha ya kitu nilichopewa bila kuomba.

Jumatano, 14 Machi

Mvua ya mawe. Pampu. Maziwa.

Jumamosi, 17 Machi

Leo yamekuja kwenye kibuyu. Amekunywa kwanza yeye, akanipa mimi, hakufuta mdomo wa kibuyu. Nimegeuka kutazama bomba kwa sababu macho yalikuwa yananisumbua.

Kisha akauliza ndani ya ile pampu kuna mnyama gani. Nikamweleza. Ndani kuna chuma kirefu kilichosokotwa kama kamba, na chuma hicho kimelala ndani ya mpira wenye msokoto wake, ila msokoto wa mpira ni wa mara mbili. Havilingani, kwa hiyo kati yao vinabaki vifuko. Chuma kikizunguka, kifuko cha nyuma kinajifunga na tope lake, kinasogea mbele, kinasogea tena, mpaka kinafunguka kwenye bomba. Hakuna feni, hakuna kupiga. Ndiyo maana hata jiwe dogo linapita.

Sebagabo akafikiri. "Sha! Ni kama vile mama anakamula utumbo ya mbuzi. Anafinya huku, mavi inatoka kule."

Fundi wangu wa Bukavu, Mzee Kadiri, alinieleza kwa siku mbili na michoro. Huyu amelimaliza kwa utumbo wa mbuzi.

"Na kwa nini unakaa nayo kama mutoto mugonjwa?" akauliza. "Hata kukojoa unakimbia."

Nikamwambia: kwa sababu ya mpira. Chuma kinasugua mpira wakati wote, na kinachouokoa ni lile tope lenyewe linalopita. Maji yakiisha shimoni na injini inaendelea, dakika moja, mbili, mpira unaungua. Unanuka, unapasuka, kwisha. Kwa hiyo mlinzi wa pampu ana sheria moja: mpira usikauke.

"Mupira isikauke," akarudia.

"Usikauke kamwe."

Akarudia tena, taratibu, kama mtoto anayejifunza aya.

Sheria ni mbili, Saidati. Ya pili ni kwamba mpira huu ni wa mti, umetokana na utomvu, na adui yake ni mafuta. Mafuta ya aina yoyote: mawese, dizeli, samli, siagi. Ukiulisha mafuta unavimba, unalegea, unakishika chuma. Hiyo ya pili sikumwambia. Unamjua Mzee Kadiri, alivyonifundisha: fundi anafundisha yote isipokuwa kitu kimoja. Kile kimoja kinakaa tumboni, ndicho kinachomfanya aitwe tena. Mzee mwenyewe alinificha habari ya mafuta miaka minne, mpaka nilipoharibu mpira wa watu na kulia mbele yake. Mafundi wote wa kwetu wako hivyo, nami sikuona ubaya.

Alhamisi, 22 Machi

Mvua usiku na mchana. Maziwa, kibuyu.

Jumatatu, 26 Machi

Kapita Twagirimana, msimamizi wa vibarua, ananiambia namba nne inapakwa chokaa. Anayo familia ya watu saba na bado yuko kwenye nyumba ya nyasi, ila hakulisema kwa chuki. Nilipita kuchungulia dirishani. Kuna mahali pazuri pa kitanda.

Alhamisi, 29 Machi

Musieu amefunga kazi kwa ajili ya Pasaka mpaka Jumanne. Nimepata ruhusa. Kesho napanda boti kuja kwako! Nitalala kwako siku mbili, nitarudi. Nimemwambia Sebagabo anichungie kibanda. Hatutawasha kitu, shimo liingie maji tu, tutalikausha Jumanne. Kazi yake ni kukaa.

"Na mupira?" akauliza.

"Usikauke," nikamjibu huku nafunga mzigo, mawazo yote yako Bukavu.

Jumanne, 3 Aprili

Sijui nianzie wapi. Niliondoka kwako na tabasamu mpaka wanawake bandarini wakanicheka. Nimeingia hapa saa mbili asubuhi. Shimo limejaa nusu, kama nilivyotegemea. Sebagabo yuko mlangoni, shuka safi, meno yote nje.

"Mutoto wako iko muzima," akaniambia. "Nimeichunga."

Nikawasha injini. Mkanda ukapiga kelele, ukateleza, chuma hakikuzunguka. Nikazima. Nikajaribu tena, na hapa ndipo nilipofanya ujinga, nikaukaza mkanda. Chuma kikazunguka nusu, nikasikia ndani kitu kikichanika kama shuka. Ndipo harufu ikanifikia. Siagi ya ng'ombe iliyokaa.

Nikafungua. Mpira ulikuwa umevimba kama unga uliochachuka, unang'aa, na kipande cha urefu wa mkono kimetoka pamoja na chuma. Nilikaa chini kwenye tope.

Sebagabo akainama kando yangu. Ilivyokuwa ni hivi: Ijumaa jioni aliona maji ndani ya pampu yamevuja na mpira unakauka. Akamimina maji, yakavuja tena. Basi akapanda kilimani, akachukua siagi yote ya nyumbani, ile ambayo mkewe anaiweka ya kumpaka mkwe wao akijifungua, akashuka nayo, akaijaza pampu kwa mkono mpaka ikafurika. Kwao chombo kipya cha maziwa hukaushwa kwa moshi na kupakwa siagi ili kisipasuke. Alinifanyia nilichomwomba, kwa kitu bora kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Musieu Delvigne akaja na mafuta ya nywele yake na buti zake. Akanusa.

"Nani?"

Sebagabo akanyoosha mikono yake miwili, bado inang'aa.

"Ni mi, Musieu. Mi ndio niliweka." Alisema kama mtu anayengoja kupongezwa.

Hakulipwa hata siku ya mwisho ya juma. Akaambiwa atoke. Akachukua fimbo yake, kibuyu chake kitupu, akapita mbele yangu. Akasimama.

"Lakini haikukauka, eh?"

Nikasema haikukauka. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akapanda njia ya Nyamyumba.

Halafu Musieu akaniita ofisini, akafunga mlango. "Bon. Fundi. We ulimuambia muzee mafuta ni mubaya kwa mupira?"

Saidati, utalisoma hili. Nilikuona wewe kwenye ile sebule ya namba nne. Nikajibu, "Nilimwambia, Musieu."

Jumatano, 4 Aprili

Ndoo. Watu sitini, mstari mmoja toka shimoni mpaka ziwani. Kapita Twagirimana anaimba, wengine wanaitikia. Hakuna anayenisemesha.

Alhamisi, 5 Aprili

Ndoo. Hakuna maziwa.

Jumamosi, 7 Aprili

Ndoo. Mvua. Maji yametushinda, yamepanda urefu wa mkono mzima.

Alhamisi, 12 Aprili

Ramadhani imeingia. Jua lilipozama nimefungua kwa maji ya ziwa na ndizi moja, peke yangu kibandani, pampu ikiwa wazi mbele yangu kama maiti asiye na wa kumzika. Nilijikuta nasikiliza hatua za mtu njiani. Ni mbuzi.

Jumatatu, 16 Aprili

Musieu anaagiza mpira mpya kutoka Usumbura. Ameniwekea karatasi: kuna mpira wa mti, kama wa kwanza, na kuna mpira mwingine mweusi wa viwandani usiodhurika na mafuta. Nichague.

Nilikaa na kalamu muda mrefu. Nikichagua ule mweusi, hakuna siagi ya duniani itakayoudhuru, na hakuna mtu atakayeuliza tena nani alimwambia nani nini. Lakini mchanga wa volkano unautafuna ule upesi kuliko wa mti. Nilijua hilo. Nikamwuliza Musieu, kwa kujaribu, kama si heri tuchukue ule mweusi, kwa usalama.

"Pourquoi? Kwa nini? Kwa ziwa iko mafuta?"

"Hakuna, Musieu."

"Donc? Basi?"

Nikaandika wa mti. Angalau pampu sikuidanganya.

Ijumaa, 20 Aprili

Ndoo. Mtoto wa kapita ameniletea viazi vya kufuturia, akaviacha mlangoni, akakimbia. Sijui nani alimtuma.

Ijumaa, 27 Aprili

Mpira umefika. Nimeuvalisha kwa maji ya sabuni, taratibu, siku nzima, huku nimefunga, koo limekauka kabisa. Saa kumi nikawasha. Tope likapanda bombani bila kutetemeka. Vibarua wakatupa ndoo hewani. Twagirimana akanikumbatia.

Jumatatu, 30 Aprili

Shimo kavu. Musieu amenipa ufunguo wa namba nne bila kungoja Juni, amesema nimeikomboa kazi. Nimekuandikia barua, Saidati: njoo. Itaondoka na boti ya Ijumaa.

Usiku wa kwanza nyumbani kwetu. Nimetoa adhana ya magharibi sebuleni, sauti ikanirudia toka chumba cha pili kana kwamba kuna mtu.

Jumatano, 2 Mei

Nyumba nzuri. Sakafu imenyooka. Nimepita kila chumba nikakaa kila kona, kisha nikarudi kulala kibandani. Nikajiambia ni kwa ajili ya pampu.

Alhamisi, 3 Mei

Nimekwenda ofisini asubuhi, ufunguo umelowa jasho. Nikasema yote kwa pumzi moja ili nisirudi nyuma: sikumwambia. Mzee hakujua habari ya mafuta. Nilisema uongo.

Musieu aliweka kalamu chini. Mimi nikahesabu misumari ya ukuta wake.

"Kwa nini unasema leo? Pompi inatembea. Nyumba uko nayo."

"Nyumba ina sauti, Musieu."

Sidhani alielewa. Akanyoosha mkono, nikaweka ufunguo. Alisema mzee arudi kazini Jumatatu. Alisema mimi nibaki kwa sababu hana mwingine anayeijua ile mashine. Lakini nyumba anampa mtu anayeweza kumwamini, na kufikia mchana Twagirimana alikuwa anahamisha magodoro na watoto watano wakiimba. Nilimsaidia kubeba kabati. Alinitazama, akataka kusema kitu, akasema, "Shika vizuri huko."

Wahi bandarini, Faradji! Nilikimbia, nikaikuta barua yako bado kwenye mfuko wa posta, nikaitoa, nikaweka nyingine. Usije. Bado hakuna nyumba. Nitaeleza. Mistari mitatu tena, nisamehe.

Jumamosi, 5 Mei

Nimepanda Nyamyumba alfajiri, Twagirimana kanilindia pampu kwa saa mbili huku ameshika saa ya Musieu mkononi kwa woga. Nimemkuta Sebagabo anapalilia maharage ya jirani kwa kibarua. Alinipokea kwa mikono miwili. Mkewe, Mukandutiye, alikuwa baridi. Mkwe amejifungua na siagi ya kumpaka iliazimwa kwa watu.

Nikamwambia kazi yake imerudi. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, sikumfundisha vizuri, na Musieu anajua.

Akacheka mpaka akakohoa. "Yewe! Wewe ulibeba kosa yangu? Mbele ya Muzungu?"

"Siyo yako, mzee."

"Oya, usikatae. Ulibeba." Akamwita mkewe, akamweleza kwa Kinyarwanda, na yule mama akanitazama kwa macho mengine, akanifungia viazi vya kufuturia.

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema kwamba habari ya mafuta nilijua. Nilijua siku ileile, nikaficha kwa makusudi. Maneno yalikuwepo. Nilichukua viazi, nikashuka mlima.

Jumatatu, 7 Mei

Jua limezama, hatua njiani, siyo mbuzi. Kibuyu. Alikunywa kwanza yeye.

Jumamosi, 12 Mei

Idi. Sebagabo amekuja alfajiri na kuniambia niende zangu mjini nikasali, pampu ataikalia yeye. Nilimfundisha sauti ya bomba likianza kuvuta hewa, na namna ya kuuvua mkanda kwa mti bila kukatwa vidole. Alijaribu mbele yangu mara kumi. Basi nimekwenda. Miezi miwili na nusu sijasimama bega kwa bega na mtu. Nililia kwenye rakaa ya kwanza, na mzee wa pembeni akanipapasa mgongo akidhani nimefiwa.

Niliporudi, pampu ilikuwa imezimwa na Sebagabo amesimama mbele yake na fimbo kama askari. Maji yalikuwa yameisha shimoni, akasikia sauti imebadilika, akavua mkanda. Mpira ulikuwa na maji. Ameuokoa.

"Mi sasa ni fundi," akasema.

Nikasema ndiyo. Kisu kingenichoma kidogo kuliko lile "ndiyo".

Ijumaa, 18 Mei

Mvua inapungua. Pampu. Maziwa.

Jumamosi, 26 Mei

Zege limemwagwa. Watu mia moja na ishirini toka alfajiri, mikokoteni, majembe, kelele. Saa tisa shimo halikuwepo tena, kuna sakafu ya kijivu tu. Nikazima pampu. Ukimya wake ulinishtua, kila mtu akageuka kutazama.

Jumatatu, 28 Mei

Pampu inakwenda Kibuye, kazi nyingine, na mimi naifuata, boti ya Jumatatu ijayo. Huko kutakuwa na mlinzi mwingine wa mchana, na siku moja fundi mwingine badala yangu. Nimechukua kifuniko cha sanduku lake, nikakipaka chokaa, nikaandika kwa rangi nyeusi, herufi kubwa, kila kitu. Jua kwanza kitakachopita. Kama kina mchanga, zungusha polepole. Usifunge bomba la mbele injini ikiwaka. Mpira usikauke. Na ya mwisho.

Kitu cha tumboni, Saidati. Mzee Kadiri angenipiga kwa spana.

Sebagabo, asiyejua kusoma, akakaa juu ya ndoo akaniambia nimsomee. Nikasoma. Alikuwa anaitikia kila mstari kwa "yego", ndiyo ya kwao. Kwenye "mpira usikauke" akajipiga kifua. Kisha nikasoma ya mwisho: mafuta yoyote, hata siagi, yanaua mpira huu.

Hakuitikia.

"Soma tena hii."

Nikasoma tena.

Alitazama mikono yake. Nadhani mpaka leo alidhani siagi ilikuwa ndogo, au ya zamani, au kwamba Wazungu hawapendi harufu. "Hii neno, ulijifunza lini? Baada ya Pasaka?"

Njia ya kutokea ilikuwa hapo, amenifungulia mwenyewe. Ningesema ndiyo tu.

"Nilijua tangu Bukavu," nikasema. "Nilijua siku niliyokueleza habari ya utumbo wa mbuzi. Nilikuficha kwa kusudi, ili niwe mimi peke yangu ninayejua. Na Musieu aliponiuliza kama nilikwambia, nilisema nilikwambia."

Ziwa likapiga ukingo mara tatu, nne.

"Nilikuuliza," akasema. "Siku unaenda kwa bibi yako. Nilikuuliza, na mupira?"

"Uliniuliza."

Akasimama, akachukua fimbo. Kibuyu hakukisahau.

Jumanne, 29 Mei

Hakuna maziwa.

Jumatano, 30 Mei

Nimefungua pampu, nimeiosha, nimeifunga kwenye sanduku. Hakuna maziwa. Twagirimana alinikaribisha namba nne kwa ugali. Watoto wamejaa kila kona, ile sauti haipo tena. Nilikula, nikarudi.

Alhamisi, 31 Mei

Barua yako imefika. Hii ndiyo yote: "Faradji, nimesoma. Nakwenda kwa kaka yangu Uvira. Ukipata nyumba, utajua nilipo. Ukipata la kuniambia pia." Nimeisoma mara nyingi kuliko urefu wake. Hili daftari ndilo la kukuambia, Saidati, na sasa sijui kama nikuletee au nilitupe ziwani.

Hakuna maziwa.

Ijumaa, 1 Juni

Asubuhi nilikuwa nimekaa juu ya sanduku la pampu. Nikasikia hatua, sikuinua kichwa, nimechoka kudanganywa na mbuzi.

Ni Sebagabo. Mkononi ana kikombe cha enameli, cheupe, chenye maua. Kimejaa.

Akaniwekea juu ya sanduku, karibu na mkono wangu. Hakukaa.

"Kunywa, mugeni," akasema.

Nilikunywa mpaka mwisho, polepole, na yeye akageuka akaanza kupanda kabla sijamaliza. Hakungoja kikombe chake, na mzee yule hasahau kitu. Nilisimama nikamwita. Hakugeuka, ila aliinua fimbo, na sijui ni kwaheri au ni nini.

Nimekiosha kikombe ziwani, nimekifuta kwa shati langu la Idi. Kiko hapa mbele yangu, juu ya daftari, naandika kwa kukizunguka. Boti inaondoka Jumatatu. Kesho ni Jumamosi. Nitapanda Nyamyumba kumrudishia kikombe chake, na kama Mukandutiye atanifungulia mlango nitakaa kwenye kiti cha mgeni, nitakachopewa nitakipokea. Daftari nitaliacha posta litangulie Uvira kwako, lote, na ukurasa huu ndani yake.